Husuni Kubwa ya Kilwa: Kasri la Sultani Lisilomalizika

Wakazi wa Kibaha na Kisarawe, kama walivyo wengi miongoni mwetu, aghalabu hudhani kwamba makasri ya wafalme yaliyobomoka ni mambo ya Ulaya, ya nchi za baridi kama Uskoti, ambako magofu ya ngome husimama juu ya majabali kando ya maziwa na picha zake kuchapishwa katika vitabu; ilhali safari ya siku moja ya basi kuelekea kusini, kwa njia ya Mkuranga na Kibiti, kupita Daraja la Mkapa juu ya mto Rufiji, hata Nangurukuru na Kilwa Masoko, humfikisha msafiri mbele ya mlango wa bahari ambao ng'ambo yake ni kisiwa cha Kilwa Kisiwani. Juu ya ncha mojawapo ya kisiwa hicho limelala gofu la kasri ambalo, lilipokuwa likijengwa yapata miaka mia saba iliyopita, halikuwa na kifani katika pwani yote ya Afrika Mashariki.

Kasri hilo ni Husuni Kubwa. Aliyeliamuru lijengwe ni Sultani al-Hasan bin Sulaiman, na waliolijenga walitumia mawe ya bahari yetu wenyewe, miti ya mikoko yetu wenyewe, na chokaa iliyochomwa ufukweni. Lakini jengo hilo, lililokusudiwa kuwa fahari ya dahari, halikumalizika, na wala halikukaliwa ila kwa muda mfupi. Si mbali na hapo, msikiti wa jamaa wa mji uleule, uliopanuliwa katika zama za sultani huyohuyo, ulianguka, ukajengwa upya, ukaendelea kuswaliwa. Mwenye kuyatazama majengo haya mawili kwa makini hupata somo ambalo halimhusu mtawala peke yake, bali lawahusu watu wote wanaojenga kwa ajili ya vizazi vijavyo.

Mji na dhahabu yake

Kilwa haikuanza na mawe. Wataalamu waliofukua ardhi ya kisiwa hicho walikuta kwamba watu walikuwa wakikaa pale tangu yapata karne ya 9, wakivua, wakilima, wakifua chuma, na kujenga nyumba zao kwa miti na udongo, namna ileile ya ujenzi ambayo Wazaramo wa Kisarawe na majirani zao waliendelea nayo hata zama zetu hizi. Na katika nchi ya nyuma ya pwani, kuanzia pande za Bagamoyo hata Rufiji, Profesa Felix Chami wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, katika utafiti aliouchapisha mwaka 1994, alionyesha kwamba vijiji vya wakulima na wafua chuma vilikuwapo tangu karne za mwanzo baada ya kuzaliwa Nabii Isa. Kwa hiyo miji ya mawe ya pwani haikushuka kutoka mbinguni, wala haikuletwa yote katika majahazi ya wageni. Ilichipuka katika ardhi iliyokwisha kuwa na watu, kazi na maarifa.

Tarikhi ya Kilwa iliyoandikwa kwa Kiarabu yapata mwaka 1520 yasimulia kwamba mtu wa Shiraz, jina lake Ali bin al-Hasan, alikinunua kisiwa kutoka kwa mkuu wake wa asili kwa nguo za kutosha kukizunguka. Habari hizo zina thamani yake, maana zaonyesha jinsi watu wa Kilwa walivyopenda kujinasibisha na ulimwengu wa Uislamu wa ng'ambo. Lakini kilichoupa mji nguvu si nasaba, ni biashara. Pepo za kaskazi zilileta majahazi kutoka Uarabuni, Uajemi na Bara Hindi, na pepo za kusi ziliyarejesha. Na Kilwa ilikaa mahali ambapo nahodha angeweza kufika na kurudi bila ya kupitwa na majira. Kusini yake ilikuwapo Sofala, bandari iliyopokea dhahabu kutoka nyanda za juu za Zimbabwe, na kuanzia mwisho wa karne ya 13 biashara hiyo ilikuwa mikononi mwa masultani wa Kilwa. Sarafu ya shaba yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman imeokotwa katika magofu ya Zimbabwe Kuu, mbali kabisa na bahari, ikawa ushahidi wa jinsi jina la mtawala huyo lilivyosafiri.

Ukoo wa Mahdali, ambao ulishika utawala yapata mwaka 1277, ulimtoa al-Hasan bin Sulaiman, aliyetawala tangu yapata mwaka 1310 hadi 1333. Katika ujana wake alikwenda kuhiji na kusoma Aden. Ibn Battuta, msafiri mashuhuri wa Tangier, alimkuta katika kiti chake mwaka 1331, akamsifu kwa unyenyekevu na ukarimu, akaeleza kwamba watu walimpa lakabu ya Abul-Mawahib, yaani mwenye kutoa vipawa, na kwamba aliwahi kuvua nguo alizovaa akampa fakiri wa Yemen aliyemwomba njiani. Lakini msafiri huyohuyo hakuficha kwamba sultani alifanya vita na watu wa bara akateka ngawira, na kwamba watumwa na pembe za ndovu vilikuwa miongoni mwa zawadi alizozitoa. Adhama ya Kilwa ilikuwa na gharama, na sehemu ya gharama hiyo ililipwa na watu wa bara ambao majina yao hayakuandikwa popote; si haki kulisifu kasri bila ya kuwakumbuka.

Kasri lenyewe

Husuni Kubwa imejengwa upande wa mashariki wa mji wa kale, mbali kidogo na nyumba za raia, juu ya ncha ya nchi kavu inayoitazama bahari, ili jahazi lolote liingialo bandarini liione kabla ya kuona kitu kingine. Neville Chittick, aliyekuwa mhifadhi wa kwanza wa mambo ya kale wa Tanganyika na baadaye mkurugenzi wa taasisi ya Uingereza ya utafiti wa tarikhi ya Afrika Mashariki, alianza kuifukua mwishoni mwa miaka ya 1950, akaendelea katika miaka ya 1960, na mwaka 1974 akatoa matokeo ya kazi yake katika juzuu mbili. Kabla ya hapo palikuwa na vichaka, mibuyu na vifusi. Baada yake, ramani ya kasri zima ilionekana, yenye urefu wa takriban mita 100 na vyumba zaidi ya mia moja.

Ili kuelewa uhodari wa waliolijenga, yafaa kwanza kuelewa vifaa walivyokuwa navyo. Jiwe lao lilikuwa la matumbawe, nalo ni la namna mbili: lile lililochimbwa nchi kavu, gumu na lenye matundu, ambalo lilijengewa kuta nene, na lile lililokatwa chini ya maji lingali hai, ambalo likiwa bichi huchongeka kwa urahisi, na likikauka juani hushupaa, ndilo lililochongewa miimo ya milango, vizingiti, zidaka na nakshi. Chokaa ilipatikana kwa kuyachoma matumbawe juu ya biwi kubwa la magogo hata yakawa unga. Dari ziliezekwa kwa boriti za mikoko, mawe yakapangwa juu yake, na chokaa ikamiminwa na kupondwapondwa. Lakini boriti ya mkoko haina urefu wa kupita kiasi, na kwa hiyo chumba cha nyumba ya mawe, toka Bagamoyo hata Lamu, hakikuweza kupanuka zaidi ya mita tatu hivi. Waweza kukirefusha upendavyo, lakini upana wake umekwisha kukadiriwa na mti.

Hapo ndipo ustadi wa Husuni Kubwa unapodhihiri, kwa sababu mafundi wake, bila ya kuzidharau boriti, walitumia pia kuba na matao marefu ya mviringo, ambayo hujisimamia yenyewe kwa jinsi mawe yake yanavyoegemeana, na hayahitaji mti wowote wa kuyashika. Maarifa hayo yalikuwa yakitumika katika nchi nyingi za Kiislamu za wakati ule, lakini jengo la makazi kufunikwa hivyo lilikuwa jambo geni katika pwani yetu, na ni dalili kwamba sultani aliyeyaona majengo ya Aden na Maka alitaka kwake nako kuwe na mfano wake.

Aingiaye kwa upande wa nchi kavu hukuta kwanza ua mkubwa wa kusini, uliozungukwa na safu za vyumba ambavyo wataalamu huvidhania kuwa vilikuwa ghala na mahali pa biashara. Jambo hilo lastahili kutafakariwa: nyumba ya mfalme ilikuwa pia nyumba ya bidhaa, na dhahabu, pembe na nguo zilihesabiwa chini ya macho ya mwenyewe. Kutoka hapo njia yaelekea kaskazini, kwenye kasri hasa, ambako nyua hufuatana moja baada ya nyingine. Upo ua wa baraza, wenye ngazi ndefu za mawe ambazo watu waliweza kuketi wakimsikiliza mtawala, na kuta zake zina zidaka zilizopangwa kwa safu, mahali pa taa. Na mwenye kutia fikira aweza kuuona usiku wa mashauri, moto wa taa ukicheza juu ya chokaa nyeupe.

Upo pia ua wa birika, ambao ndio huwashangaza wageni kuliko yote: birika la pembe nane, lililosakafiwa vizuri, katika kisiwa ambacho maji matamu ni ya visima na ya mvua. Kulijaza birika lile kulihitaji mikono mingi ya wachota maji, na hiyo nayo ni namna ya kuutangaza ukwasi. Mwisho wa yote, kwenye ncha ya mwamba, vipo vyumba vya sultani na jamaa zake, na ngazi ya mawe ishukayo hadi ufukweni, ambako mashua ziliweza kufika bila ya kupitia mjini. Katika vifusi vyake palipatikana vigae vya vyombo vya China, pamoja na chupa ya kauri ya zama za Yuan. Na palipatikana maandishi ya kuchongwa yenye jina la al-Hasan bin Sulaiman na lakabu ya al-Malik al-Mansur, yaani mfalme mwenye kushinda.

Karibu yake, ng'ambo ya bonde dogo, ipo Husuni Ndogo, ua wa mstatili wa mita zipatazo 70 kwa 50, wenye ukuta mnene ulioimarishwa kwa minara. Wataalamu wamebishana juu ya kazi yake, wengine wakisema ni ngome ya askari, wengine wakisema ni mahali pa kuhifadhia misafara na bidhaa. Ni hii ndogo, wala si ile kubwa, ambayo kwa sura yake ya vita inafanana na ngome za mataifa mengine. Husuni Kubwa yenyewe iko wazi kuelekea bahari, kama nyumba ya mtu asiyeogopa kushambuliwa.

Kwa nini liliachwa

Katika miaka ileile ambayo mafundi wa Kilwa walikuwa wakipanga kuba zao, huko Uskoti mfalme Robert Bruce, aliyewashinda Waingereza katika vita vya Bannockburn mwaka 1314, aliamuru ngome kadhaa za nchi yake mwenyewe zibomolewe ili adui asizitumie tena. Na ngome ya Urquhart, kando ya ziwa la Loch Ness, ililipuliwa kwa baruti mwaka 1692 na askari waliokuwa wakiihama. Magofu mengi ya Ulaya ni makaburi ya vita: yalijengwa kwa sababu ya adui, na yakabomolewa kwa sababu ya adui.

Husuni Kubwa haikuvunjwa na adui. Sehemu zake nyingine zilikuwa bado hazijamalizika kazi iliposimama, na hakuna dalili kwamba iliwahi kukaliwa kwa vizazi. Ibn Battuta aeleza kwamba baada ya sultani mkarimu kufariki, ndugu yake Daud aliyerithi kiti alikuwa na tabia ya kinyume, akawajibu waombaji kwamba mtoaji amekwisha kufa, naye hakuacha kitu cha kutolewa. Jibu hilo huenda lilikuwa la ubahili, na huenda pia lilikuwa la kweli, kwa maana hazina iliyojenga kasri la vyumba zaidi ya mia na kuupanua msikiti wa jamaa kwa wakati mmoja haikosi kupungua. Mji wenyewe ulipungukiwa na nguvu katikati ya karne ya 14, na waliofuata walirudi kukaa karibu na raia zao, wakaiachia kasri mibuyu na popo.

Sasa tuutazame msikiti. Sehemu yake ya kaskazini ni ya karne ya 11 na ya 12. Ile kubwa ya kusini iliongezwa katika zama za al-Hasan bin Sulaiman, nayo ilianguka. Lakini katika miongo ya mwanzo ya karne ya 15, mji ulipopata tena neema, watu wa Kilwa waliusimamisha upya kwa nguzo, matao na kuba ambazo hata leo mgeni huziinulia macho. Fundi aliyeanguka na kuinuka hapo ni jamii nzima. Mawe ya kasri na mawe ya msikiti yalikatwa katika bahari ile ile na chokaa yao ilichomwa kwa kuni zile zile. Tofauti iliyoleta mwisho tofauti ni kwamba kasri lilikuwa la mtu mmoja na lilitegemea uhai wake, ilhali msikiti ulikuwa wa wote, na kila kizazi kiliuona ufa wake kuwa ni ufa wa nyumbani kwake.

Gereza la ufukweni

Ngome ya vita ilikuja Kilwa pamoja na wageni wa vita. Vasco da Gama wa Ureno alifika mwaka 1502 akamlazimisha Amiri Ibrahim, mtawala wa Kilwa, kutoa kodi ya dhahabu, na kwa dhahabu hiyo sonara Gil Vicente alitengeneza mwaka 1506 chombo cha ibada cha Kikatoliki ambacho hadi leo kimehifadhiwa katika makumbusho ya Lisbon. Mwaka 1505 Francisco de Almeida aliuteka mji na kuupora, akajenga ngome ufukweni. Lakini biashara iliyokuwa imeufanya mji utamanike ilikimbia, na mwaka 1512 Wareno waliiacha ngome yao wakaenda zao.

Jengo ambalo leo huonekana kwanza mtu avukapo kutoka Kilwa Masoko, liitwalo Gereza, lilijengwa na Waomani yapata mwaka 1800 juu ya masalia ya Wareno: ua wa mraba, kuta nene, minara katika pembe mbili zinazokabiliana, na mlango wa mbao wenye nakshi. Zama zake zilikuwa zama za biashara ya utumwa. Mwaka 1776 sultani wa Kilwa alikuwa amefunga mkataba na Mfaransa aitwaye Morice wa kumpatia watumwa 1,000 kila mwaka kwa ajili ya mashamba ya visiwa vya Bahari ya Hindi. Katika karne ya 19 shughuli zilihamia Kilwa Kivinje upande wa bara, sultani wa mwisho akapelekwa Muscat, na kisiwa kikabaki na wavuvi na wakulima wake, ambao wajukuu zao ndio wenyeji wake hata leo.

Amana iliyo mikononi mwetu

Mwaka 1981 magofu ya Kilwa Kisiwani na ya kisiwa jirani cha Songo Mnara yaliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia. Mwaka 2004 yakatiwa katika orodha ya urithi ulio hatarini, kwa kuwa mawimbi yalikuwa yakila ufuko, mizizi ikipasua kuta, na mwamba ulioibeba Husuni Kubwa ukimeguka kidogo kidogo kuelekea baharini. Kazi ya kuyaokoa ilifanywa na serikali kwa msaada wa mataifa rafiki, lakini haingefaulu pasipo wanakijiji, ambao walijifunza upya kuchoma chokaa na kujenga kwa desturi ya kale, wakapanda mikoko ili kuyavunja nguvu mawimbi. Na mwaka 2014 magofu yaliondolewa katika orodha ile ya hatari. Jambo lililoukomboa msikiti katika karne ya 15 ndilo lililoyakomboa magofu katika karne ya 21: watu wa mahali kuyaona kuwa yao.

Sisi wa Mkoa wa Pwani tunayo sehemu yetu katika amana hii. Kaole, karibu na Bagamoyo, una msikiti wa kale na makaburi yenye nguzo, nao uko umbali ambao shule za Kibaha na Minaki zaweza kuwapeleka wanafunzi asubuhi na kuwarejesha jioni. Na Kua, katika kisiwa cha Juani huko Mafia, ni mji mzima wa mawe. Zaidi ya hayo, Sheria ya Mambo ya Kale ya mwaka 1964 hulinda kila jengo na kila kifaa cha kabla ya mwaka 1863, hata kama hakijaandikwa katika kitabu chochote. Viwanja vinapopimwa Kibaha na misingi inapochimbwa Kisarawe, si ajabu jembe kugonga vigae vya vyungu au mavi ya chuma ya wale wafua chuma wa kale, na mchimbaji kuyatupa kwa kudhani ni takataka.

Basi mwenye shamba akipata kitu cha namna hiyo, asikivunje wala asikiuze. Asimamishe jembe kwa muda, aipeleke habari katika ofisi ya serikali ya mtaa au ya wilaya, ili wenye ujuzi waje kutazama. Na mwalimu aliye na darasa la tarikhi, kabla ya kuwafundisha watoto majina ya ngome za Ulaya, awapeleke Kaole, na Mungu akimjalia nauli, awafikishe hata Kilwa, wakapande ngazi za Husuni Kubwa kwa miguu yao wenyewe. Tukiyatazama magofu haya kuwa mali ya watalii na wataalamu peke yao, yatakwenda njia ya kasri la sultani. Tukiyatazama kuwa nyumba yetu, kila mmoja ataona wajibu wa kuziba ufa.